Baba kaandikiwa CT-Scan ya ini, ndugu wanasema sindano yake itaua figo

Shikamoo Daktari,

Natumaini u mzima. Nakuandikia kutoka Tanga. Jambo langu limeigawa nyumba yetu pande mbili, nikaona nikuletee wewe usiye na upande.

Baba yetu ana miaka 66. Kisukari anacho mwaka wa 14 sasa, presha ilimfuata baadaye. Mwezi uliopita alianza kulalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, hamu ya kula ikapungua, tukampeleka hospitali akapigwa altrasaundi. Wakaona uvimbe kwenye ini, kama sentimita 4. Daktari akasema altrasaundi haitoshi, akamwandikia CT-Scan ya tumbo yenye kontrasti, yaani dawa ya kuchomwa ili picha ionekane vizuri. Tukapewa tarehe na karatasi ya kusaini.

Hiyo karatasi ndiyo iliyoleta maneno. Imeandikwa kwamba dawa inayochomwa inaweza kudhuru figo, na kwamba mgonjwa aseme kama ana kisukari au ugonjwa wa figo. Baba anavyo vyote viwili, maana kliniki walishatuambia figo zake "zimechoka kidogo". Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayelipa, aliposoma akasema hapana. Ana sababu yake. Baba mkwe wake alitolewa wadini akiwa hoi akapelekwa CT, siku ya tatu mkojo ukakatika, akasafishwa damu mara mbili, akafariki. Kaka anasema sindano ndiyo iliyomuua. Shangazi anataka tuombe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, kwa kuwa eti haina mionzi wala dawa. Mjomba naye kila jioni analeta madafu ya kuosha figo. Tarehe ya kwanza imepita tunabishana. Sasa tumepewa nyingine, Alhamisi ya wiki ijayo.

Nakunakilia yaliyomo kwenye daftari lake la kliniki. Kreatinini 168, ya miezi mitatu iliyopita. Metfomini ya sukari miligramu 1,000 asubuhi na jioni, losatani ya presha miligramu 50, na moja ya kolesteroli ambayo jina lake sikuweza kulisoma. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo hununua diklofenaki dukani, hazikosi kwenye mfuko wa koti. Akila kamba huwashwa mwili mzima, na radiolojia waliuliza habari za aleji. Tena hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, na amesema hafungui kwa ajili ya picha.

Tumpeleke au tusimpeleke? Na ni kweli mtu wa kisukari akichomwa hiyo dawa figo zinakwisha?

Binti wa Mzee, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Mpelekeni. Ila kabla ya Alhamisi damu ipimwe upya, na hizo diklofenaki zitoke kwenye mfuko wa koti leo hii.

Nianze na ile 168, maana nadhani hakuna aliyewafafanulia. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo zinazoitoa. Ikibaki nyingi kwenye damu ni dalili kwamba kuchuja kumepungua. Lakini namba hiyo ikisimama peke yake hudanganya: kijana wa kubeba mizigo bandarini na bibi mkondefu wanaweza kuwa na kreatinini sawasawa, figo za kijana zikawa nzima na za bibi zimebaki nusu. Ndiyo maana huingizwa kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia, ikatoka kitu kinachoitwa eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja. Kwa hesabu inayotumika siku hizi, ya mwaka 2021, baba yako anapata kama 38. Mtu mwenye figo nzima huwa na 90 au zaidi. Kwa hiyo lile neno la kliniki, "zimechoka kidogo", mimi nisingelitumia. Huo ni ugonjwa sugu wa figo wa hatua ya tatu, na mlistahili kuambiwa hivyo kwa jina lake.

Sasa hatari ya sindano. Mwaka 2020 taasisi mbili za Marekani, moja ya madaktari wa radiolojia (American College of Radiology) na nyingine ya figo (National Kidney Foundation), zilikaa pamoja zikatoa tamko moja kuhusu kontrasti ya ayodini inayochomwa kwenye mshipa wa mkono. Kwa mwenye eGFR ya 45 kwenda juu, waliona uwezekano wa dawa yenyewe kuumiza figo ni karibu na sifuri. Kati ya 30 na 44, alipo baba yako, ni kati ya 0 na asilimia 2. Chini ya 30 ndipo wasiwasi unapokuwa wa kweli, na hata hapo makadirio yanatoka 0 hadi 17 kwa mia, kwa kuwa tafiti hazikubaliani.

Kisukari chenyewe hakimo kwenye mipaka hiyo. Mtu wa kisukari mwenye figo nzima huchomwa kontrasti na kurudi nyumbani salama. Kisukari kinaingia kwa mlango wa nyuma tu, kwa sababu kimeharibu figo za watu wengi kabla hawajafika kwenye mashine. Jibu la swali lako la pili ni hilo.

Kuhusu baba mkwe wa kaka yako, mpe kaka pole yangu, na usimwambie kwamba amekosea, kwa sababu mimi na wewe hatukuwapo. Ila tazama ulivyomweleza mwenyewe: alitolewa wadini akiwa hoi. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi ana maambukizi kwenye damu, presha imeshuka, hajanywa maji siku mbili, pengine anachomwa gentamaisini, dawa nzuri ya bakteria lakini inayojulikana kwa kuumiza figo. Figo zake zilikuwa zinaanguka tayari. Kontrasti ikaingia mwisho, na anayeonekana mwisho akitoka kwenye nyumba iliyoibiwa ndiye anayekamatwa na wananchi.

Hata sisi madaktari tuliikamata kontrasti hivyo hivyo kwa miaka mingi. Taarifa ya kwanza ya figo kufeli baada ya kontrasti ni ya mwaka 1954, mgonjwa akiwa na saratani ya uboho, na dawa za zamani hizo zilikuwa nzito kuliko hizi za leo, zikivuta maji mwilini kwa nguvu. Tafiti zilizofuata nyingi zilipima kreatinini kabla na baada ya sindano, ikipanda zikasema ni dawa. Hazikuwa na kundi la wagonjwa wasiochomwa la kulinganisha nalo. Mwaka 2008 watafiti wa New York wakachukua rekodi za wagonjwa zaidi ya 30,000 ambao hawakuwa wamechomwa kontrasti, wakaona kreatinini ya zaidi ya nusu yao ilibadilika kwa robo au zaidi hata hivyo. Mtu aliyelazwa kreatinini yake hucheza kwa mambo chungu nzima. Sisemi kwamba kontrasti haina kosa. Hubana mishipa midogo ndani ya figo, kwenye sehemu ambayo hata siku za kawaida hewa yake ni ya kubahatisha, na seli za mirija zinaweza kuumia. Nasema tu kwamba kesi zake nyingi zilisikilizwa bila shahidi.

Na hii ndiyo nafasi ya kuwaambia wasomaji wengine: namba nilizotaja ni za sindano ya mshipa wa mkono. Anayepelekwa kuangaliwa mishipa ya moyo kwa mrija unaopitishwa kwenye ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo), dawa hufika kwenye figo ikiwa kali zaidi, na mrija wenyewe unaweza kubandua mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa mshipa yakaenda kuziba figo. Huko tahadhari ni kubwa zaidi. Baba hayumo.

Swali ambalo sijasikia mtu yeyote nyumbani kwenu akiliuliza ni hili: ule uvimbe ni nini? Ini hupata sehemu kubwa ya damu yake, kama robo tatu, kutoka kwenye mshipa unaotoka matumboni. Saratani inayoanzia kwenye ini hupenda kujilisha kutoka kwenye ateri. Dawa ikichomwa, sekunde 30 hivi baadaye ateri zimejaa, na uvimbe wa namna hiyo hung'aa wakati ini lililobaki bado limefifia. Picha ya pili, kwenye sekunde ya 70 hivi, ini zima linang'aa. Baada ya dakika chache uvimbe huo umeshafifia kuliko jirani zake. Uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara, ambao watu wengi wanao bila kujua, huanza kujaa ukingoni na kuingia kati polepole. Jipu hung'aa ukuta wake tu, katikati kukiwa kweusi. Mpangilio huo ndio unaomwambia daktari anaangalia nini, wakati mwingine bila hata kuchukua kinyama kwa sindano. Bila kontrasti ni kijivu juu ya kijivu: mtalipa, baba atapata mionzi, na ripoti itarudi imeandikwa "inashauriwa kurudia kwa kontrasti". Ndiyo maana sikushauri mkamwombe daktari picha kavu kama njia ya kupatanisha ndugu. Na huku mnabishana, uvimbe haujaambiwa usubiri. (Muulizeni pia kama ameshapimwa homa ya ini B. Kama bado, apimwe kwa damu hiyo hiyo.)

Kwa hiyo Jumatatu au Jumanne kreatinini ipimwe. Ya miezi mitatu iliyopita siiamini kwa mzee aliyepungukiwa na chakula na anayemeza diklofenaki kila uchao. Ikirudi karibu na ile ya zamani, nendeni Alhamisi kwa amani. Ikirudi imepanda sana, au eGFR imeshuka chini ya 30, hiyo nayo siyo hukumu ya kufuta kipimo. Mpigieni daktari aliyeandika ili baba atundikiwe dripu ya maji ya chumvi kabla na baada ya picha, na ikiwezekana daktari wa figo aulizwe. Kama namba inapanda siku hadi siku, daktari anaweza kusema tusubiri itulie kwanza. Huo uamuzi ni wake, si wa kikao cha familia.

Kwa mtu mwenye eGFR ya 38 dripu si ya lazima. Uholanzi, mwaka 2017, wagonjwa 660 wenye eGFR kati ya 30 na 59 waligawanywa, nusu wakapewa dripu na nusu wakaachwa, na walioachwa hawakuumia zaidi. Mtu akikuuzia vidonge vya "kulinda figo" kabla ya CT, vikiwemo vile vya asetilisistini tulivyokuwa tunaviandika sisi wenyewe zamani, funga pochi. Vilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 5,000, matokeo yakatoka 2018, na havikuwa na tofauti na kidonge kisicho na kitu.

Diklofenaki nimeitaja mara nyingi na sijachoka. Kichujio cha figo kina mlango wa damu kuingia na mlango wa kutoka. Diklofenaki hubana wa kuingia. Losatani hulegeza wa kutoka, jambo ambalo kwa kawaida ni zuri na ndilo linalolinda figo za mwenye kisukari. Weka zote mbili kwa mzee ambaye hajanywa maji ya kutosha, na nguvu ya kuchuja inaanguka yenyewe, hakuna sindano hapo. Ningepewa kuchagua kati ya baba kuchomwa kontrasti mara moja na baba kuendelea na mfuko wa koti mwaka mzima, ningechagua sindano bila kupepesa. Kwa magoti, daktari wake aseme kiasi gani cha parasetamoli kinafaa kwa ini lenye uvimbe, na kuna dawa za kupaka. Ibuprofeni ni ndugu yake diklofenaki, asibadilishe jina tu.

Losatani asiiache kwa sababu ya barua hii. Metfomini haiumizi figo, watu huigeuza hiyo. Hofu ni kwamba figo zikizimika ghafla, yenyewe hukosa pa kutokea, hujikusanya na kuifanya damu kuwa na asidi. Tamko la Marekani linaruhusu mwenye eGFR ya juu ya 30, na figo zimetulia, aendelee nayo. Hospitali nyingi bado husema iachwe siku ya kipimo na saa 48 baadaye. Wakisema hivyo, fuateni, siku mbili hazitamharibu, ila sukari ipimwe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dozi yenyewe: miligramu 2,000 kwa siku ni nyingi kwa figo za 38. Kwa kawaida mtu akishuka chini ya 45 hupunguziwa, mara nyingi hadi nusu, na akishuka chini ya 30 anaachishwa kabisa. Hilo lipelekeni kliniki hata kama CT isingekuwapo.

Madafu ya mjomba, kwa heshima zote, yasimame. Dafu lina potasiamu nyingi, na figo zilizopungua pamoja na losatani huishikilia hiyo potasiamu mwilini. Ikizidi sana, moyo hupoteza mapigo. Akitaka kusaidia, amletee maji ya kawaida na akae naye hadi ayanywe, glasi baada ya glasi, siku moja kabla na siku inayofuata. Kama baba ana moyo uliopanuka au miguu inavimba, kiasi cha maji kiulizwe kwanza kwa daktari.

Alhamisi asifunge. Funga ya sunna ina siku nyingi, na mgonjwa wa kisukari na figo anayechomwa kontrasti akiwa mkavu tangu alfajiri anajitafutia lile lile mnalolikimbia. Kama maneno yangu hayamtoshi, imamu wake atamweleza ruhusa ya mgonjwa vizuri kuliko mimi. Radiolojia wakisema aende bila kula, waulizeni ni saa ngapi, na kama maji matupu yanaruhusiwa. Mara nyingi yanaruhusiwa.

Kamba msiwe na hofu nao. Aleji ya kamba hutokana na protini ya mnyama mwenyewe, haina uhusiano na ayodini iliyomo kwenye kontrasti. Watajie radiolojia, lakini si sababu ya kumrudisha nyumbani. Jambo wanalotaka kujua hasa ni kama amewahi kuchomwa kontrasti akavimba, akabanwa pumzi au akatoka vipele. Mwambieni mapema kwamba dawa ikiingia atasikia joto likimshuka mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na kuhisi kama amejikojolea. Hajajikojolea. Wazee wengi hushtuka hapo wakatikisika na picha ikaharibika.

Shangazi hajakosea sana. MRI haina mionzi, na kwa ini ni kipimo kizuri. Lakini kwa uvimbe kama huu nayo huchomwa dawa, ya gadolini. Mwaka 2006 iligundulika kwamba baadhi ya dawa hizo za wakati ule ziliwaletea wagonjwa wa figo zilizokufa ugonjwa wa ngozi kukakamaa kama ubao. Aina za sasa zinazishinda za zamani kwa usalama, na hatari hiyo imekuwa ndogo mno. Kama mashine ipo karibu na gharama mnaiweza, mwulizeni daktari. Kama itamaanisha safari ya Dar es Salaam na mwezi mwingine wa kungoja, chukueni CT iliyopo.

Kaka yako usimkabili na barua hii mkononi. Mwombe aje siku ya kuchukua majibu ya damu, aulize mwenyewe kwa daktari, na baba awepo. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo mzee aliulizwa anataka nini, nikaona pa funga tu.

Baada ya picha, msikae mkitazama mkojo. Figo zikiumizwa na kontrasti, mara nyingi mkojo huendelea kama kawaida na mtu hajisikii chochote. Kreatinini hupanda ndani ya siku moja au mbili, hufika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, na kwa wengi hurudi ilikokuwa ndani ya wiki moja au mbili. Kufikia kusafishwa damu ni nadra. Damu ndiyo inayosema, na kwa baba naitaka kati ya saa 48 na 72. Ukihesabu kutoka Alhamisi hiyo inaangukia Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ulizeni mapema maabara inafunga saa ngapi Jumamosi, mwende asubuhi na karatasi ya majibu ya kwanza. Kama ya pili imezidi ya kwanza kwa maikromoli 27 au zaidi (kizio kile kile cha ile 168), mpeni daktari namba zote mbili siku hiyo hiyo, na metfomini isirudishwe hadi aseme.